Redio ya maikrowevu ya pakiti ndani ya kituo cha simu: maswali ya mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa mafundi na wasimamizi wa saiti kuanzia Iringa hadi Tunduma, na kushuka Tukuyu mpaka Kyela. Unahusu kituo kisicho na ruta (kifaa kinachoelekeza trafiki): kebo inatoka kwenye redio ya maikrowevu na kuingia moja kwa moja kwenye besibendi, kifaa cha kabatini kinachochakata data ya kituo. Ruta inaondoka, lakini kazi zake tatu zinabaki: kupanga foleni, kupitisha saa (mapigo ya muda ambayo kituo kinayafuata), na kufunga mlango kwa trafiki isiyohusika. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yametokana na kazi mojawapo kukosa mwenyewe.

Kebo ya redio inaingia wapi: kwenye besibendi, au kwenye RRU (kifaa cha kurushia cha antena za simu) iliyo jirani na redio juu ya mnara?

Kwenye besibendi, poti ya usafirishaji. Inashawishi kuunga na RRU kwa sababu ziko mita mbili tu kutoka kwenye dishi, lakini faiba ya RRU kwa kawaida haibebi Ethaneti. Inabeba CPRI, mtiririko usiopumzika: sekta moja (upande mmoja wa eneo la kituo) ya MHz 20 yenye antena mbili inakula Gbps 2.4576 hata kama kijiji kizima kimelala. Redio ya pakiti haikutengenezwa kwa mzigo huo. Basi kebo ya redio ishuke hadi kabati la chini.

Faiba au kebo ya shaba?

Faiba, pamoja na waya wa umeme wa volti -48, kila panapowezekana. Sababu ya kwanza ni radi. Kebo ya shaba ya mita 50 inayoshuka kwenye mnara wa kilimani ni mwaliko: radi ikipiga jirani, msukumo unaingia kwenye poti ya besibendi na kuua kadi yenye bei kubwa kuliko redio yenyewe. Faiba haipitishi umeme.

Ukilazimika kutumia shaba inayobeba data na umeme pamoja, zingatia mambo manne. Kebo iwe ya nje, yenye ngao ya chuma, na viunganishi vyake viwe vya chuma vilivyoshikana na ngao hiyo. Urefu usizidi mita 100, ukihesabu na mizunguko iliyofichwa kabatini. Weka kinga ya radi ncha zote mbili. Ya chini peke yake hailindi redio. Halafu soma mahitaji ya umeme: PoE (umeme unaopita ndani ya kebo ya data) ya 802.3at inafikisha wati 25.5 tu kwenye kifaa, na redio nyingi za nje zinataka kati ya wati 30 na 60. Redio yenye njaa ya umeme haifi moja kwa moja. Inawaka, inatulia, kisha inajizima usiku wa baridi au nguvu ya kurusha inapopanda, na fundi anabadilisha redio mbili kabla ya kugundua kuwa mkosaji ni kisanduku cha umeme.

Upotevu wa volti kwenye waya wa umeme si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa kama omu 7.4 kwa kilomita. Mita 50 kwenda na kurudi ni omu 0.74, redio ya wati 60 inavuta ampea 1.25, unapoteza chini ya volti moja.

Faiba iko sawa, taa ya poti haiwaki.

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Kasi ya moduli za SFP (vipande vya kuchomeka faiba kwenye poti): poti ya Gbps 10 upande mmoja na moduli ya Gbps 1 upande wa pili hazitaelewana, na baadhi ya poti hazishuki zenyewe mpaka uziamrishe. Aina ya faiba: modi moja yenye moduli ya nm 1310 pande zote, si mchanganyiko. Kutuma na kupokea: geuza nyuzi mbili za kiunganishi cha LC. Mwisho, majadiliano ya kasi: ukiwasha upande mmoja na kuzima upande wa pili, poti ya faiba ya Gbps 1 inaweza kuwaka upande mmoja tu. Weka sawa pande zote mbili.

Kwenye shaba kosa hilohilo lina sura nyingine, mbaya zaidi: poti inawaka, lakini upande mmoja unafanya kazi nusu-dupleksi, yaani hautumi na kupokea kwa wakati mmoja. Trafiki ndogo inapita vizuri, na saa za jioni makosa ya pakiti yanapanda.

Kituo kimoja kinahitaji Mbps ngapi?

Usijumlishe vilele. Sekta ya 4G ya MHz 20 yenye antena mbili na 64QAM (namna ya kupakia biti kwenye mawimbi; namba kubwa ni kasi zaidi) ina kilele cha Mbps 150, lakini kilele hicho kinatokea mtu mmoja akiwa karibu na mnara na wengine wametulia. Sekta tatu hazifiki huko kwa pamoja. Chukua kilicho kikubwa kati ya kilele cha sekta moja na jumla ya wastani wa sekta zote saa ya msongamano. Tuseme wastani ni Mbps 30 kwa sekta: jumla ni 90, kilele cha 150 kinashinda. Ongeza asilimia 15 kwa vichwa vya pakiti, au asilimia 25 kama trafiki imefungwa kwa IPsec (usimbaji wa siri). Unapata karibu Mbps 188.

Chaneli ya MHz 28 kwa 256QAM inatoa kati ya Mbps 180 na 200. Yaani kituo kimoja kinaingia kwa kubanana, na hakuna nafasi ya jirani. Kama vituo viwili vingine vinapita hapo, ongeza wastani wao, 90 na 90, na pamoja na IPsec unafika Mbps 412. Hapo unahitaji MHz 56 kwa 1024QAM, inayotoa kama 450. Kumbuka kuwa namba za mtengenezaji huwa zimepimwa kwa pakiti ndogo na ubanaji wa vichwa. Namba ya kweli ni ile utakayopima mwenyewe.

Mvua za huku zinaruhusu masafa gani?

Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na huko Rungwe unasogea mpaka Mei. Kinachoua kiungo (njia ya hewani kati ya madishi mawili) ni nguvu ya mvua kwa dakika zile chache. Jumla ya mwaka haina neno. Kwa mvua ya milimita 50 kwa saa, hasara kwa kila kilomita ni takriban hivi: GHz 7, desibeli 0.6, GHz 15, desibeli 3.6, GHz 23, desibeli 7, GHz 80, desibeli 19. Hizo ni za upolarishaji wa mlalo, yaani mawimbi yanayotikisika kwa ulalo. Wima una nafuu kidogo, kwa sababu tone kubwa likianguka linabonyea na kuwa pana.

Chukua njia ya kilomita 20 kwa GHz 15, madishi ya mita 0.6 na nguvu ya dBm 20 (desibeli kulinganisha na miliwati moja). Hasara ya anga tupu ni 92.45 + 20log(15) + 20log(20), yaani desibeli 142. Kila dishi linarudisha kama desibeli 36.8. Unapokea karibu dBm -48. Redio nyingi zinashikilia 256QAM kwenye MHz 28 mpaka dBm -66 hivi, na QPSK, ya polepole lakini imara zaidi, mpaka -86. Una akiba ya desibeli 18. Wingu la mvua kali lenye upana wa kilomita 5 linakula 3.6 mara 5, desibeli 18 hasa. Kwa hiyo mvua ya mchana ya kawaida kabisa itakushusha kutoka 256QAM. Hutazimika, ila utabaki na sehemu ya kasi. Ukipandisha madishi yote mawili kuwa mita 1.2, unaongeza desibeli 12.

Kwa Tukuyu na miteremko ya Rungwe, njia ya zaidi ya kilomita 15 tungeipeleka GHz 7 au 8 bila mjadala. Njia fupi za Mbeya mjini, kilomita mbili tatu, zinaweza kwenda juu zaidi. Ukungu wa Mufindi unatia hofu machoni, lakini chini ya GHz 15 hasara yake ni ndogo sana. Usiusingizie ukungu kosa la kiunganishi kilichoingia maji.

Nikisimama mnarani naona mnara wa pili kwa darubini. Hiyo inatosha?

Haitoshi. Mawimbi yanahitaji upana, si mstari tu. Kwa njia ileile ya kilomita 20 kwa GHz 15, ukanda wa kwanza wa Fresnel katikati ya njia una nusu kipenyo cha mita 10, na asilimia 60 yake, mita 6, lazima iwe wazi. Mbonyeo wa dunia unakula karibu mita 6 nyingine. Mstari wa macho upite mita 12 juu ya kitu kirefu kuliko vyote. Kwa kilomita 40 na GHz 7 namba zinakua: mita 12 za Fresnel na karibu 24 za mbonyeo.

Kisha kuna miti. Hapa Mufindi, Sao Hill na Njombe, shamba la mipaina lililopandwa leo ni mswaki. Kabla halijavunwa litapita mita 20. Mikaratusi ina haraka zaidi. Anayepima njia na kuandika urefu wa miti ya leo amepima njia ya leo tu. Andika urefu wa miti itakapokomaa. Dalili ya miti kuingia njiani ni ya polepole: kiwango cha kupokea kinashuka desibeli moja, mwaka unaofuata mbili, na siku ya upepo kinacheza, hasa majani yakiwa yamelowa. Ukiona grafu ya miaka miwili inateremka kama ngazi, usibadilishe redio. Panda mnara na darubini.

Kiungo cha kuvuka bonde la Usangu kinakatika alfajiri, anga ikiwa nyeupe kabisa. Mvua haipo.

Hiyo ni hewa. Usiku wa Juni na Julai hewa baridi inatuama chini bondeni na yenye joto inakaa juu yake. Mawimbi yanapinda, na yanafika kwa njia mbili zenye urefu tofauti. Yakikutana kinyume yanafutana. Kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, Usangu au Kyela, kunaongezeka kioo cha pili: maji yenyewe yanarudisha mawimbi juu.

Kuongeza nguvu hakusaidii, kwa sababu mwangwi nao unaongezeka. Kinachosaidia ni dishi la pili la kupokea, lililowekwa mita kadhaa chini ya la kwanza kwenye mnara uleule. Njia mbili zikifutana kwenye dishi la juu, la chini mara nyingi linapona. Dawa nyingine ni kupanga urefu wa madishi ili kilima au kingo ya bonde izibe mwangwi wa majini: ncha moja juu sana, nyingine chini.

Angalizo la saa: kumbukumbu za redio nyingi ziko kwenye UTC. Tukio la 01:00 kwenye skrini limetokea 04:00 hapa kwetu, yaani saa kumi alfajiri. Watu wamewahi kutafuta kosa la umeme la usiku wa manane ambalo halikuwahi kuwapo. Matukio yakikusanyika kati ya saa kumi alfajiri na saa mbili asubuhi, fikiria hewa. Yakikusanyika saa nane mchana hadi jioni Februari, fikiria mvua.

Tunalenga madishi vipi ili tusishike mwale wa pembeni?

Dishi la mita 1.2 kwa GHz 15 lina mwale mkuu wenye upana wa takriban nyuzi 1.2. Mizunguko michache ya nati ya kurekebishia na umetoka nje. Mwale wa pembeni wa kwanza uko desibeli 20 hadi 25 chini, na ukiwa hujui namba ya kutegemea utaufurahia kama mkuu.

Zima kwanza urekebishaji wa nguvu wa moja kwa moja, na funga modulesheni kwenye QPSK. Lenga kwa dira na pembe ya kuinuka kutoka kwenye mahesabu. Unga multimita kwenye poti ya kupimia mawimbi. Ncha moja itulie kabisa wakati nyingine inazunguka. Zungusha kushoto kulia taratibu, upite kilele, ushuke, upate kilele kidogo, urudi. Unatakiwa kuona vilele vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Ukiona viwili vyenye urefu sawa na bonde katikati, umesimama pembeni kwa wima: rudi kwenye kilele kimoja, inua au teremsha dishi, kisha anza upya. Mmalize ncha ya kwanza, ndipo ya pili, kisha mrudie zote mara moja.

Kipimo cha mwisho kiwe ndani ya desibeli 3 za hesabu. Pungufu ya 20 ni mwale wa pembeni. Pungufu ya 25 au 30 ambayo haibadiliki ukizungusha, huenda upolarishaji wa ncha moja ni wima na mwingine ni mlalo. Kaza nati kwa zamu, ukitazama multimita. Kukaza kwenyewe kunahamisha dishi. Kwa minara ya Makambako na upepo wake, funga mkono wa kuimarisha dishi la mita 1.2 na kubwa zaidi, hata kama kifurushi kinasema ni wa hiari.

Na usisimame mbele ya dishi linalorusha. Zima urushaji kwanza.

Redio mpya imewashwa na redio ya zamani kwenye mnara huohuo imeanza kuumwa. Kwa nini?

Uliza kila moja inarusha upande gani wa bendi. Kila kiungo kina ncha inayorusha juu na ncha inayorusha chini. Kwenye mnara mmoja, redio zote za bendi moja zirushe upande uleule: zote juu, au zote chini. Ukichanganya, redio mpya inapaza sauti kwenye masafa ambayo jirani yake, aliye mita tatu pembeni, anajitahidi kusikia kunong'ona kutoka kilomita 20. Kubadilisha baadaye kunataka redio nyingine ncha zote mbili, kwa sababu juu na chini ni maunzi tofauti. Chora ramani ya juu na chini ya minara yote ya eneo kabla ya kuagiza. Mnyororo uliofungwa wa viungo vya bendi moja wenye idadi witiri ya saiti hauwezi kupangika. Mahali fulani lazima ubadilishe bendi.

Tumeweka kipaumbele cha sauti, lakini mvua ikinyesha simu zinakatakata.

Hapa ndipo kukosekana kwa ruta kunapouma. Besibendi inaona poti ya Gbps 1 na inaamini ina Gbps 1. Redio imeshuka kutoka Mbps 190 hadi 40 na haijamwambia mtu. Msongamano wote unatokea ndani ya bafa ya redio, kwa hiyo redio ndiyo yenye foleni za maana. Foleni za besibendi zinakuwa mapambo.

Angalia kwanza alama. Besibendi inaweka DSCP (alama ya kipaumbele kwenye pakiti), kwa mfano 46 kwa sauti. Redio nyingi zikitoka kiwandani zinasoma biti za kipaumbele za VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya kebo moja) tu, au haziamini alama yoyote. Zote mbili matokeo ni mamoja: kila kitu kinaingia foleni ya mwisho. Fungua kaunta za foleni, piga simu moja ya 4G, na utazame foleni ipi inahesabu. Kama ni foleni ya data, umepata kosa kwa dakika mbili. Ukitumia IPsec, hakikisha alama inanakiliwa kwenye kichwa cha nje. La sivyo redio inaona bahasha nyeupe tupu.

Kisha urefu wa bafa. Bafa ya megabaiti 10 kwa kasi ya Mbps 40 inashikilia pakiti sekunde mbili nzima. Pakiti ya sauti iliyochelewa hivyo afadhali ingetupwa. Fupisha foleni ya data iwe ya makumi ya milisekunde. Sauti yenyewe haihitaji makubwa: simu moja ya 4G, pamoja na vichwa vyote, ni kama kbps 60 hadi 70. Simu 100 ni Mbps 7. Zinaingia kwenye QPSK bila shida, mradi zisikae nyuma ya video.

Kama vifaa vyote viwili vinaelewa ujumbe wa kasi wa ITU-T Y.1731, uwashe, redio itaiambia besibendi kasi ya kweli kila inapobadilika. Usitumie fremu za kusimamisha za 802.3x kama njia ya mkato. Zinasimamisha kila kitu, sauti na saa pamoja.

Saa ya kituo inatoka wapi sasa?

Kituo cha FDD (kutuma na kupokea kwa masafa tofauti) kinahitaji masafa yenye usahihi wa sehemu 50 kwa bilioni hewani. TDD (masafa yaleyale kwa zamu) inahitaji zaidi: awamu ndani ya mikrosekunde 1.5. Kwa FDD, SyncE (saa inayobebwa na mapigo ya Ethaneti yenyewe) kupitia redio inatosha. Iwashe kwenye kila hatua bila kuruka hata moja, na upange uelekeo: kutoka upande wa mkongo (mtandao mkuu) kwenda kituoni. Ukisahau ujumbe wa ubora wa saa, redio mbili zinaweza kuanza kufuatana, kila moja ikidhani mwenzake ndiye mwalimu, na masafa yakahama taratibu bila kengele yoyote. Dalili inaonekana mbali: watu walio garini barabara kuu ya Mbeya–Tunduma wanakatika wanapohama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, huku waliokaa wakiwa salama.

Moduli za SFP za shaba mara nyingi hazipitishi SyncE. Hata poti ya shaba ya kawaida ya Gbps 1 ina upande bwana na upande mfuasi, na saa inatembea kutoka kwa bwana tu. Sababu nyingine ya kupenda faiba.

Kwa TDD, PTP (saa inayobebwa na pakiti) yenye kipaumbele cha juu kabisa peke yake haitoshi. Pakiti ya baiti 1,500 ikishaanza kutoka haikatizwi. Kwa Mbps 190 inachukua mikrosekunde 63. Kwa Mbps 40, mikrosekunde 300. Pakiti ya saa iliyokuta mlango umeshikwa imekwisha kukosea mara 200 ya kiwango. Lazima redio zenyewe zisahihishe muda huo: ziwe saa za mpaka (boundary clock) au saa za uwazi (transparent clock), ncha zote mbili, na uwashe leseni ya kipengele hicho kama inauzwa kando. Vinginevyo weka antena ya GPS kwenye kituo. Kwa kituo kimoja cha pembezoni, Makete kwa mfano, GPS ni rahisi na nafuu. Kwa mnyororo mrefu tungefanya vyote, kwa sababu antena ya GPS nayo huchomwa na radi.

Pingi inapita, kurasa hazifunguki.

Ukubwa wa pakiti. Pakiti ya mteja ya baiti 1,500 inavishwa GTP (bahasha ya mtandao wa simu) na kuongezeka 36; IPsec inaongeza kama 60 hadi 80 nyingine; unapita 1,600. Redio iliyoachwa kwenye 1,518 inazitupa kimyakimya. Weka 2,000 au zaidi kwenye redio zote za njia nzima. Jaribu kwa kompyuta ya Linux: ping -M do -s 1572, ukifuatiwa na anwani ya mwisho. Hiyo ni pakiti ya 1,600 kamili isiyoruhusiwa kukatwa. Poti ya kompyuta nayo iwe na MTU (kikomo cha ukubwa wa pakiti) inayoiruhusu, usije ukalaumu redio.

Kituo cha jirani kinapita kwetu. Tupitishe trafiki yake kwenye poti ya pili ya besibendi?

Hapana, hata kama besibendi inakubali. Tumia swichi iliyo ndani ya redio, au unga redio na redio. Besibendi inawashwa upya kila programu ikiboreshwa, inazimwa betri zikichoka, na kadi yake inabadilishwa. Kila mara vituo vya mbele vinazimika navyo, na anayepokea malalamiko ya kijiji cha mwisho hajui kuwa mtu amebonyeza kitufe saiti ya tatu.

Tenga VLAN: moja ya trafiki ya kituo, moja ya usimamizi wa redio, na kila kituo kipitacho kiwe na yake. Poti inayotazama besibendi iruhusu VLAN za kituo hicho tu. Ule ndio mlango ambao ruta ilikuwa inaufunga. Weka kikomo cha trafiki ya matangazo (broadcast, pakiti zinazokwenda kwa wote) kwenye kila poti. Kebo moja ya ziada iliyochomekwa kwa bahati mbaya inafanya kitanzi kinachoangusha mnyororo mzima kwa sekunde. Ukitaka mduara wa kweli wa akiba, washa ITU-T G.8032 (itifaki inayozuia mduara usigeuke kitanzi) kwanza, ndipo uchomeke kebo ya mwisho.

Ile huduma ya kuzima poti ya Ethaneti kiungo cha hewani kikifa inafaa pale tu kituo kina njia ya pili. Kituo chenye njia moja hakifaidiki nayo, na fundi aliyeko kabatini anafungiwa nje ya redio yake mwenyewe.

Umeme wa redio utoke brekari gani?

Brekari ya kipaumbele. Rektifaya (kigeuza umeme kuwa wa volti -48) nyingi hukata mzigo wa kawaida betri zikishuka hadi kama volti 46, na mzigo wa kipaumbele kwenye kama 43.2. Besibendi na RRU zikae kwenye kawaida, redio kwenye kipaumbele. TANESCO ikikatika usiku kucha, kituo chako kinazima lakini vituo vya mbele vinaendelea kupita. Redio ya wati 50 ni mzigo mdogo. Itadumu saa nyingi baada ya RRU kunyamaza.

Uwekaji wa ethi juu ya mwamba ni kazi yake yenyewe. Lenga chini ya omu 10, na 5 kama inawezekana. Vilele vyetu vina mawe, fimbo moja haifiki popote: tandaza utepe wa shaba kwa urefu, fimbo kadhaa, na bentonaiti. Mkaa na chumvi vinapima vizuri siku ya makabidhiano, mvua mbili tatu zinaosha chumvi, na shaba inaliwa. Kebo iingiapo kabatini ifanyiwe tumbo la kuteremka chini ya tundu, maji yadondoke hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Leseni inasemaje?

Masafa ya kila kiungo yanatolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), pamoja na upana wa chaneli na nguvu. Kupanua kutoka MHz 28 hadi 56 kunafanyika kwa kubofya tu, lakini ni masafa mapya: omba kwanza. Mnara mpya unahitaji pia kibali cha urefu kutoka TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania).

Redio inaonyesha kijani kibichi, saiti iko chini. Nianze wapi?

Kwenye kaunta za poti ya Ethaneti inayotazama besibendi. Kama zinahesabu kuingia na kutoka, kebo na poti ni nzima, nenda VLAN. Kama zinahesabu kuingia tu, trafiki haifiki kutoka upande wa mkongo: unga kompyuta ncha ya mbali na upime kutoka huko. Kama ni sifuri pande zote, rudi kwenye SFP. Kama zote ziko sawa na kituo bado hakiwaki, soma hali ya saa kwenye besibendi, kwa sababu vituo vingi vinakataa kurusha hewani mpaka saa ifungike, na kengele yake imefichwa ukurasa wa tatu.